Kisanduku cha Nne

Fomu ya tukio baya katika wodi yetu ina ukurasa mmoja, na katikati yake kuna swali: mrija wa hewa ulitokaje? Chini ya swali kuna visanduku vinne. Gundi ililegea. Ulivutika mgonjwa alipokuwa akigeuzwa. Hitilafu ya mashine. Mgonjwa aliuchomoa mwenyewe. Anayejaza anatia alama kimoja na kusaini, daktari naye anasaini, kisha karatasi inashuka ghorofa ya chini kwenye ofisi ambako kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeisoma.

Mimi ndiye sista mkuu wa wodi ya watoto mahututi. Nina miaka ishirini na sita hapa, vitanda vinane na goti moja bovu. Kisanduku cha nne nimekipenda kuliko vingine, kwa sababu mgonjwa wetu hana umri wa kuitwa mbele ya kamati.

Katika wiki ya tatu ya Kwaresima, siku ya Alhamisi, kitanda cha tano kilikuwa na mtoto wa kike wa wiki sita, mgonjwa wa kifaduro. Jina hakuwa nalo. Kwetu mtoto hupata jina siku ya ubatizo, na ubatizo husubiri mpaka wazazi wapate msimamizi, ukumbi na jua la Juni. Kwenye chati aliandikwa tu "wa kike, wa Drakos". Alikuwa siku ya tano kwenye mashine ya kupumulia. Tulikuwa tumempa dawa ya usingizi, na juu yake dawa ya kulegeza misuli ili asishindane na mashine. Hakuweza kukunja hata kidole.

Mama yake, Anthi, alikuwa bado anakohoa, kwa hiyo hatukumruhusu kuingia. Saa saba mchana, wakati wa kuona wagonjwa, alikuja mama mzazi wa Anthi, Bibi Zambeta, na picha ya mtakatifu mkobani. Chini ya godoro tayari kulikuwa na watakatifu wanne. Mtu asiyetujua angedhani tunawauza.

Asubuhi hiyo Daktari Vrettos, mkuu wetu, alikuwa ameiambia familia kwamba mapafu yamekataa na wajiandae kwa lolote. Bibi Zambeta hakulia. Aliuliza padri wa hospitali yuko wapi. Padri alikuwa kijijini kwao kwenye mazishi. Basi bibi akamgeukia Polikseni, muuguzi wa kitanda cha tano, mwanamke wa miaka arobaini na mikono mitulivu kuliko yote niliyowahi kuifundisha.

"Binti yangu, wewe umebatizwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mnyanyue. Mara tatu tu. Asiniondokee kama kitu kisicho na mwenyewe."

"Padri anarudi saa kumi, bibi."

"Na huyu je, kakuahidi kwamba atamsubiri?"

Kwa wasiojua: padri akikosekana na kifo kikiwa mlangoni, mtu yeyote aliyebatizwa anaweza kumbatiza mtoto hewani. Anamwinua mara tatu na kumtaja jina, na imekwisha. Akipona, kanisani humaliziwa yaliyobaki, lakini jina lililotolewa hewani halibadilishwi tena. Wauguzi wa watoto mahututi wamefanya hivyo tangu kabla yangu. Hakuna anayefundishwa. Unamwona mwenzako, kisha siku moja inakuwa zamu yako.

Polikseni alinitazama kupitia kioo cha ofisi yangu. Nilimwona, na nilijua anauliza nini. Nikainamia karatasi zangu.

Aliingiza kiganja kimoja chini ya kichwa na kingine chini ya makalio, akainua. Kwa jina la Baba. Akashusha. Na la Mwana. Gundi shavuni ilikuwa imelowa mate, na mabomba ya mashine ni mazito kuliko yanavyoonekana. Alipoinua mara ya tatu mtoto alikwenda juu na mrija ukabaki chini.

Kengele zikalia. Daktari Vrettos alikuja mbio akiwa bado anatafuna. Ilimchukua dakika nne kuurudisha mrija, kwa kuwa koo lilikuwa limevimba. Moyo ulishuka mpaka mapigo thelathini na nane, nami ndiye niliyekuwa nikikibonyeza kifua kwa vidole viwili huku nikihesabu kwa sauti. Halafu moyo ukapanda, na rangi ikarudi midomoni. Nje ya mlango Bibi Zambeta alikuwa amepiga magoti, uso umetulia kabisa. Mjukuu wake alikuwa ameshaitwa Zambeta.

Nilimkuta Polikseni katika chumba cha dawa, amejishika kwenye rafu.

"Andika ukweli, dada," aliniambia. "Andika nilimnyanyua."

"Nikiandika hivyo wataleta uchunguzi wa kiapo, ule wa nidhamu. Utatafuta wakili, utasimamishwa, na mwisho wa yote unga wako unamwagika. Una mabinti wawili chuoni na mume aliyekwenda kununua sigara miaka tisa iliyopita."

"Alikwenda kununua gazeti."

"Basi atakuwa anasoma polepole. Nenda ukanawe uso, mdogo wangu."

Nikatia alama kisanduku cha nne. Daktari Vrettos aliisoma fomu mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sista, mtoto aliyelegezwa misuli yote amechomoa mrija kwa nguvu gani? Za maombi?"

"Saini, daktari."

Akasaini. Sikumwona mtu mbaya wakati ule, na sikujiona mbaya mimi. Mtoto alikuwa hai, mwenzangu alikuwa na kazi, na kosa lilikuwa la mtu ambaye hakuna sheria inayoweza kumgusa. Niliiona kazi safi.

Na ingeisha hivyo kama mtoto asingepona. Lakini kadiri siku zilivyopita mapafu yalilegeza ukaidi. Siku ya tisa baada ya tukio tulimtoa kwenye mashine, akatukohoa wote usoni, na tukafurahi. Ndipo upande wa pili wa familia ukauliza mtoto anaitwaje.

Binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba. Hilo halijadiliwi. Bibi mzaa baba alikuwa anaitwa Garufalia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada, na alikuwa amelisubiri jina lake tangu siku ya harusi. Aliposikia kuna Zambeta mwingine duniani, alikuja wodini amevaa koti la kanisani.

"Nani amenyanyua?" aliuliza mlangoni.

"Tafadhali, mama, hapa kuna wagonjwa," nilimwambia.

"Mgonjwa ni mimi! Nimeibiwa jina mchana kweupe. Yule mwanamke ana watoto wanne wa kike, ana wajukuu saba, hakuona pa kuliweka jina lake ila kwa mjukuu wangu wa pekee? Na ninyi mkamshikia ngazi!"

"Mtoto alikuwa anakufa, mama."

"Angekufa akiitwa Garufalia!"

Aliliandika lalamiko lake kwa mkuu wa hospitali, kurasa tatu. Mbili na nusu zilihusu jina. Kwenye nusu iliyobaki, ili kuonyesha kwamba ubatizo haukufanywa sawasawa na kwa hiyo haufai, aliandika kwamba kwa mujibu wa Bibi Zambeta mwenyewe muuguzi alimwinua mtoto mara ya tatu na mrija ukatoka, hivyo labda Roho Mtakatifu hakutajwa mpaka mwisho.

Barua hiyo ilitua mezani kwa Rodanthi, msichana aliyeletwa mwaka ule kuongoza ofisi mpya ya usalama wa wagonjwa. Rodanthi alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alitafuta fomu ya siku ile na kuisoma. Akatuita Jumanne, mimi, Polikseni na Daktari Vrettos.

Nilikuwa na siku nne za kujiandaa, na niliamua kujiandaa kwa uongo. Nilishuka kwenye stoo ya mafaili kuona fomu za nyuma zilikuwa zimeandikwaje, nipate maneno yaliyozoeleka, kisha nimpe Polikseni ayakariri. Bibi kizee mwenye hasira dhidi ya wauguzi wawili wenye maneno yanayofanana, mwenye hasira hashindi.

Nilizipanga fomu za miaka mitano sakafuni, nikaleta na chati. Visanduku vya nne vilikuwa kumi na vinne. Kwenye chati tano kati ya hizo neno "wa kiume" au "wa kike" lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya risasi na jina kuandikwa juu yake, siku ileile mrija ulipotoka. Efrem, Marina, Fotini, Paraskevi, Nektarios. Majina ya watakatifu wa wagonjwa, yale tunayoyatoa tukiwa na haraka. Saini zilikuwa za wauguzi wanne tofauti. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake, na kila mmoja alidhani kwamba bahati mbaya ile ilikuwa yake peke yake.

Watoto watatu walitoka salama. Paraskevi alifariki siku ya pili yake, labda angefariki hata hivyo, nasi hatutajua. Nektarios alikaa bila hewa dakika nyingi. Yuko hai, ila miguu yake haikupata kutembea.

Saini ya fomu ya Nektarios ilikuwa yangu.

Sikuwa nimesahau. Ningependa kusema nilikuwa nimesahau, lakini mtu hasahau. Alikuwa na miezi miwili, moyo wake unachoka, mama yake Lambrini ametoka kwenda kujikamua maziwa ya mtoto, padri hayupo. Nilimnyanyua mwenyewe, bila kuombwa na mtu, kwa sababu nilimwonea huruma. Mama yake aliporudi nilimweleza mambo yote mawili, mrija na ubatizo, ila niliyapindua. Nilimwambia kwamba mtoto aliuchomoa mrija kwanza, na nilipoona anakwenda ndipo nikambatiza. Tangu hapo kila Novemba, sikukuu ya jina la mtoto, Lambrini hunipigia simu kunishukuru na kunitumia makopo ya matunda ya pichi aliyopika mwenyewe. Ninayala. Sitasema kwamba hayapiti kooni.

Jumanne tulikaa wanne katika chumba kisicho na dirisha. Rodanthi alikuwa na daftari jipya.

"Kwanza niseme kwamba hatutafuti mchawi hapa," alianza.

"Huwa mnasema hivyo mkishabeba kuni," Polikseni akamjibu.

Daktari Vrettos alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Rodanthi aliuliza mrija ulitokaje. Polikseni akavuta pumzi ili aseme yale niliyomkaririsha. Nilimwona anavyojikusanya, mtu asiyejua kudanganya anavyojikusanya, na nikaona haya. Si kwa ajili ya fomu. Niliona haya kwamba mikono ile niliifundisha mimi, na sasa nilikuwa nikiufundisha mdomo.

"Nyamaza, Polikseni," nilisema. Nikaweka fomu tano mezani na chati zake.

Nilieleza kwa dakika kumi. Nilisema nani aliinua nani, pale nilipojua. Nilisema Alhamisi ile niliona nikainamia karatasi, kwa hiyo alama kwenye kisanduku ni uongo wangu na ruhusa ilikuwa yangu pia. Kisha nikasema la Nektarios.

Daktari Vrettos alikuwa akiitazama saini yake chini ya kila fomu.

"Dada, umenichoma," Polikseni alisema taratibu. "Nilipotaka kusema ulinizuia. Leo nimekubali kunyamaza, unasema wewe."

"Nimejichoma na mimi."

"Inanisaidia nini hiyo?"

Uchunguzi wa kiapo ulifunguliwa juu yetu wote wawili. Yeye alipewa barua ya onyo na kubaki kazini, kwa sababu Bibi Zambeta alikuja kutoa ushahidi bila kuitwa, akawaambia kwamba wakimfukuza binti yule atalala mlangoni kwao. Langu bado liko kwa mwanasheria. Polikseni hunisalimia. Kahawa hatunywi pamoja tena.

Padri alipoulizwa na Rodanthi kama kuna njia nyingine, alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mkate unalika.

"Maji mnayo?" aliuliza.

"Tunayo, padri."

"Basi tone moja kwenye paji la uso, mara tatu, mtoto akiwa palepale alipolala. Hewani ni kwa asiye na maji, jangwani, gerezani! Miaka yote hiyo mnanyanyua watoto wenye mirija, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza?"

Hakuna aliyekuuliza, padri, kwa sababu hakuna aliyesema kwamba kuna tatizo. Watoto walikuwa wanajichomolea wenyewe. Sasa kwenye karatasi ya kumpokea mgonjwa kuna swali la ubatizo, na kwenye kila kitanda kuna kichupa cha maji yaliyochemshwa na amri kwamba mtu wa pili aushike mrija. Ni mambo ambayo fundi bomba angeyafikiria kwa dakika moja kama angeambiwa ukweli.

Ilibaki familia ya Nektarios. Rodanthi alisema wana haki ya kujua na ofisi itaandika barua. Nikamwambia barua ingoje, nitakwenda mwenyewe.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Wanakaa kwenye kijiji cha mashamba ya pichi, na miti ilikuwa katika maua. Nektarios alikuwa uani kwenye kiti chake cha magurudumu akimfokea mbwa. Ana miaka mitano na mdomo wa miaka hamsini.

"Wewe ndiye uliyenibatiza?" aliniuliza.

"Ndimi."

"Mbona ulinipa jina refu hivi? Mwalimu analiandika nusu."

Lambrini alinikaribisha jikoni, akaniwekea kijisahani cha pichi za sukari na glasi ya maji, akifurahi kutembelewa. Mumewe, Argiris, alikuwa nyuma ya nyumba akikata matawi. Nilimwomba Lambrini akae. Sikugusa pichi.

Nilimweleza kwa utaratibu, jinsi inavyotakiwa kuelezwa. Mwanao hakuuchomoa mrija. Nilimnyanyua mimi ili nimbatize, mrija ukatoka kwa sababu nilimnyanyua, akakosa hewa, na miguu yake ni kwa sababu hiyo. Kisha nikakudanganya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa afungue mlango na kunionyesha barabara, na kwa mwanasheria wake pia nilikuwa nimejiandaa.

Lambrini alikuwa ameweka mikono mezani na kuitazama.

"Hakuuchomoa yeye," alisema.

"Hapana."

"Kwa mkono wake. Hakuuchomoa kwa mkono wake."

"Hapana, Lambrini. Hakuugusa."

Huko nje mkasi wa mumewe uliendelea kukata.

"Nilimvua glovu," alisema. "Zile za sufu mlizomvalisha, mkasema zisitoke, asije akashika mrija. Asubuhi ile niliivua ya mkono wa kulia. Nilitaka kumshika vidole, basi. Halafu mkaniita nikajikamue maziwa na sikuirudisha. Niliporudi ukaniambia ameuchomoa mwenyewe."

Sikuweza kumtazama.

"Sikumwambia mtu," aliendelea. "Argiris hajui. Mama yangu alikufa hajui. Kila nikimwosha miguu nasema, ni mimi huyu, ni mkono wangu. Nilikataa kuzaa mwingine. Argiris anadhani ni umaskini."

Miaka ishirini na sita niliamini kwamba kisanduku cha nne hakimdhuru mtu, kwa kuwa lawama inamwangukia mtoto na mtoto hashtakiwi. Haikuniingia akilini hata siku moja kwamba mtoto ana mama, na mama huitafuta lawama popote ilipo na kujitwika. Nililia pale jikoni kwake, mbele yake, na sikuwa na haki hata ya hilo.

Yeye hakulia. Aliinuka, akafungua dirisha la nyuma na kuegemea nje kwa mikono yote miwili.

"Argiris!" aliita. "Weka mkasi chini, njoo ndani."

Mwanamume aliingia na maua ya pichi yamemnasa kwenye sweta, akanisalimia kwa heshima, akauliza kuna nini. Lambrini alimvutia kiti karibu na changu na kumkalisha. Yeye mwenyewe akabaki amesimama nyuma yake, mikono juu ya mabega yake.

"Sema tena, Sista," aliniambia. "Sema yote, tangu mwanzo. Polepole, asikie vizuri."

Nikasema tena.